Mpiga Pasi wa Hoteli ya Qamaria na Jina la Mama Yake

Disuki hakunywa chai ambayo hakuiona ikimiminwa. Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye swichibodi ya simu ya Hoteli ya Qamaria, mlango wangu ukitazamana na ngazi za kushukia kwake, na ukiondoa siku moja tu, sikumwona akipokea glasi mkononi mwa mtu bila kuinusa kwanza. Ukimwamkia alikujibu vizuri tu, kisha akabaki anajiuliza umemwamkia kwa sababu gani. Nilimpenda kama kaka yangu, na mara nyingi nilitamani kumzaba kofi.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi, na aliipiga kwa mguu. Vijana wa leo pale Ataba, katikati ya Kairo, hawaijui pasi hiyo. Ni bonge la chuma lenye mpini mrefu, linapashwa moto jikoni, linawekwa juu ya nguo kwenye ubao wa chini, na mpigaji analisukuma kwa unyayo, mgongo umeinama, mkono mmoja umeshika mpini. Suti ya sufu ikitoka hapo, mkunjo wake ungeweza kukatia jibini. Na kwa maji ya kulowesha nguo hakuwa na habari ya chupa. Aliyajaza mdomoni akayapuliza, yakashuka kama ukungu wa alfajiri mtoni Nile. Mwaka mmoja mke wa balozi alishuka mwenyewe kutafuta gauni lake, akamkuta Disuki mashavu yamemvimba juu ya hilo hilo gauni. Wakubwa wakatundika kibao cha HAKUNA NJIA juu ya ngazi, na Disuki akaendelea kupuliza.

"Yule mama hakupotea njia," aliniambia. "Alitumwa."

"Na nani?"

"Hapo ndipo sijafika bado."

Alilala juu ya paa, katika chumba alichozaliwa. Kulikuwa na vyumba saba huko juu, kando ya matangi ya maji, walikopewa makazi watumishi tangu hoteli ilipojengwa. Mama yake alikuwa mfuaji nguo wa hoteli. Alimzaa kule mwaka ambao Wajerumani walikuwa wanakuja kupitia jangwani na wageni wa hoteli walikuwa wanafunga masanduku. Mke wa Disuki alifia kule kule, na watoto hawakujaliwa. Ukimwuliza kwa nini hahami akatafute nyumba ya chini, mtu wa magoti mabovu kama yeye, alikutazama kana kwamba umeulizia chumba chake kwa niaba ya mtu.

Huyo mama yake sote tulimwita Mama Disuki. Mimi nilimkuta mwaka wangu wa kwanza kazini, bibi mfupi, mikono imebabuka kwa magadi. Wa jikoni walimwita Mama Disuki, wa mapokezi vile vile, na hata Khawaja Nakhla, tajiri wa pamba kutoka Sham aliyeijenga hoteli, inasemekana hakumjua kwa jina jingine. Alipokufa, msikitini walitangaza kwamba mama yake Disuki ametutoka. Jina lake mwenyewe lilizikwa naye.

Hilo kwetu si la ajabu. Mwanamume hataji jina la mama yake mbele za watu. Likimponyoka shuleni, amekwisha, wenzake wataliimba mtaa mzima mpaka siku atakayooa. Na watu wazima wana sababu yao nyingine: anayetaka kukufunga kwa uchawi haulizi baba yako ni nani. Anataka jina lako na la mama yako, basi, kazi imekamilika. Lakini wanaume wengi wakishapata mvi hulegeza kidogo. Disuki alizidi kukaza.

Na aliyemkazisha ni Fundi Gharib, mpishi wetu mkuu, jitu lenye tumbo na sauti. Kila asubuhi tulipokusanyika jikoni kula maharage na vitunguu, Gharib alimkaribisha kwa jina jipya.

"Karibu, mwana wa Nabawiya."

"Kula ufunge mdomo."

"Si Nabawiya? Basi Bahana. Uso wako ni wa mtoto wa Bahana kabisa."

"Na wewe uso wako ni wa sufuria."

Gharib alibahatisha hivyo kwa miaka arobaini. Alimaliza majina ya mjini, akahamia ya vijijini, akaingia mpaka ya Wakopti na Waturuki. Hakulipata.

Sasa nieleze habari ya ule moto, maana bila moto hakuna kisa. Jumamosi ile ya Januari, miaka mitano kabla sijazaliwa mimi, katikati ya Kairo paliwaka. Sinema ziliungua, maduka makubwa yakaungua, hoteli zikaungua na watu ndani. Qamaria ilisalia. Ilisalia kwa sababu mfuaji mmoja alilowesha shuka zote za hoteli kwenye mabirika ya kufulia, akazining'iniza madirishani na kwenye roshani, ghorofa zote nne, na kila zilipokauka kwa joto akazimwagia maji tena mpaka jioni. Cheche zikaanguka kwenye shuka mbichi zikafa. Watu walisema Khawaja alilia mbele ya wafanyakazi, akasema chumba cha paa cha mwanamke yule ni chake maisha.

Mfuaji gani? Walikuwepo watatu siku ile. Na kwa kuwa serikali iliichukua hoteli miaka michache baadaye na Khawaja akaenda zake Beirut, hakubaki wa kuthibitisha. Kila familia ya paani ilikuwa na hadithi yake: ni bibi yetu, ni shangazi yetu. Disuki peke yake hakudai kitu. Alikuwa na karibu miaka kumi siku ile ya moto. Ukimwuliza, alisema hakumbuki.

Serikali ilitutunza kadiri ya uwezo wake. Ilipaka marumaru rangi ya kahawia, ikaweka meza za chuma, na lifti ikawa inapanda ikitaka. Kisha, miaka mitatu kabla sijastaafu, kampuni mpya ikainunua. Hao walikuja na suti na michoro. Walitangaza kwamba hoteli inatimiza miaka mia, kwamba itarudishwa kwenye fahari yake ya zamani, na kwamba paani kutakuwa na mgahawa wa kutazama jiji. Wa paani waliambiwa wawe wameondoka ifikapo Alhamisi ya mwisho ya mwezi, isipokuwa mwenye karatasi halali ya chumba chake. Karatasi hakuwa nayo hata mmoja. Familia sita zikaanza kufunga mizigo huku zikilaani. Disuki alinunua kufuli.

Wiki hiyo hiyo akaletwa Daktari Yumna, msichana wa chuo kikuu, mwembamba, miwani mikubwa, ameajiriwa na kampuni kuandika historia ya hoteli. Nami nawauliza, nani angemwamini? Kampuni inafukuza watu kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto inamleta mtu mwenye sauti laini na kinasa sauti kuuliza maswali. Alikaa siku nyingi na makaratasi ya zamani, hata akaenda Beirut kwa wajukuu wa Khawaja akarudi na sanduku. Baada ya sanduku lile akaacha kuuliza habari za marumaru. Akapanda paani akaanza kuuliza watu majina ya mama zao na bibi zao.

Habari ilishuka ngazi haraka kuliko lifti yetu.

"Anataka majina ya mama zetu," Gharib alisema jikoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Amepewa na nani kazi hiyo?"

"Ni ya uchawi au ni ya mahakama," nilisema mimi. "Yote mawili hayana heri."

Disuki hakula. Baadaye alikuja mlangoni kwangu, jambo ambalo hakulifanya ila kwa dharura.

"Ihsan. Kesho ni zamu yangu. Nikikataa atasema naficha kitu."

"Usikatae. Mpe Zaynab."

"Zaynab yupi?"

"Zaynab yeyote. Kairo imejaa kina Zaynab. Mpe Zaynab aende zake."

Ushauri huo niliutoa mimi, kwa mdomo wangu, na nilijiona mjanja.

Yumna alimhoji ukumbini, karibu na swichibodi, kwa hiyo nilisikia vizuri. Alimwuliza habari za pasi, Disuki akajibu kwa maneno mawili mawili. Alimwuliza habari za moto, akasema hakumbuki. Kisha akamwuliza, kwa adabu, akiwa ameinamisha macho, mama yake aliitwa nani.

"Zaynab," Disuki alisema.

Niliona kalamu ya binti imesimama.

"Una hakika, Ami?"

"Kuna mtu asiyejua jina la mama yake?"

Aliandika. Uso wake ulikuwa umesinyaa, na mimi, Mungu anisamehe, niliufurahia. Nilisema moyoni, tumekukomesha.

Jumatano, siku moja kabla ya paa kufungwa, Yumna aliomba laini ya nje. Nilimwunganisha na sikuweka chini kipokezi changu. Sitajisafisha hapa: nilisikiliza simu za watu maisha yangu yote ya kazi, kama wengine wanavyovuta sigara. Alikuwa anaongea na kaka yake, ambaye ni wakili.

"Nimewauliza wote," alisema. "Hakuna hata mmoja."

"Vyeti vya kuzaliwa?"

"Nani atanipa cheti? Wananitazama kama nimekuja kuiba."

"Basi acha. Ila usilitaje jina lenyewe kwa mtu. Ukilitaja tu, kesho utakuwa na warithi ishirini."

"Barua ninayo mkononi. Ina sahihi ya Khawaja na mhuri. Chumba ni cha mfuaji wa ule moto na cha mtoto wake baada yake, maadamu nyumba imesimama. Kampuni hawajaiona. Na jina lipo, limeandikwa wazi." Akavuta pumzi. "Mtu huyo hayupo. Kesho wanafunga, basi."

Nilikaa na kipokezi sikioni muda mrefu baada ya laini kukatika. Kumbe yule binti naye alikuwa anatuogopa sisi. Alikuwa amelificha jina kwa sababu ile ile iliyomfanya Disuki alifiche, kila mmoja amebana mdomo, anamngoja mwenzake ateleze. Na Zaynab wangu nilikuwa nimemsimamisha katikati yao. Nilishuka zile ngazi za HAKUNA NJIA.

Disuki alikuwa juu ya pasi. Nilimweleza yote. Hakusimama, mguu ulikwenda na kurudi juu ya koti la mtu.

"Wamekupa nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Kampuni. Wamekupa nini uje kunitoa jina?"

"Disuki, mimi?"

"Juzi uliniambia niseme Zaynab. Leo unaniambia nisiseme Zaynab. Kati ya hao Ihsan wawili nimwamini yupi?"

Nilimwambia nimesikia kwa masikio yangu, kwamba mimi husikiliza simu.

Hapo pasi ikasimama. "Na zangu?"

"Wewe hujawahi kupigiwa simu hata siku moja."

Aliliwaza hilo. Kisha akajaza maji mdomoni, na mtu mwenye maji mdomoni huwezi kuzungumza naye. Alipuliza koti lote, mabega, mikono, akajaza tena. Nikaona haya, kisha nikaona hasira.

"Sitaki unitajie mimi," nilimwambia. "Mimi nisilijue mpaka nife. Lakini ni mama yako aliyezitundika shuka zile, au siye?"

Aliyameza maji. Sikuwahi kumwona akiyameza.

"Mimi nilibeba ndoo," alisema. "Kutoka mabirikani mpaka ghorofa ya nne. Sijui mara ngapi. Usiku ule alishindwa kukunja vidole, nikamlisha mimi." Akainama tena juu ya mpini. "Nenda, Ihsan. Pasi inapoa."

Niliondoka nikijua kwamba nimechelewa. Wala sikumlaumu. Ningemwambia nini? Aniamini kwa sababu safari hii ndiyo ya kweli?

Alhamisi saa nne asubuhi walikuja mafundi na lango la chuma la kuziba ngazi ya paa. Msimamizi wa kampuni alisimama ukumbini na orodha. Wafanyakazi tulikuwa tumejaa pale, wa jikoni, wa vyumbani, mabawabu, maana kila mtu alitaka kuona na hakuna aliyetaka kusema. Familia ya mwisho iliteremsha magodoro. Yumna alikuwa kwenye meza ya kona, anapanga makaratasi yake kwenye sanduku lile la Beirut, macho mekundu.

Disuki akatokea ngazi za chini. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya sikukuu, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu, akasimama mbele ya meza ya Yumna.

"Nasikia unalo jina," alisema.

Yumna alinitupia jicho. Nilitazama sakafu.

"Ninalo, Ami."

"Anza wewe kulitaja."

"Siwezi. Nikilitaja mimi, ushahidi wako hautakuwa na maana tena."

"Na nikilitaja mimi, nitajuaje kwamba karatasini si jingine, na umenichezea?"

"Hutajua," alisema Yumna.

Sidhani kama kuna aliyewahi kumjibu Disuki hivyo. Alimtazama binti yule kwa makini, muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama glasi ya chai.

"Niandikie pembeni, basi," Yumna alisema taratibu. "Wengine wasisikie."

"Sijui kuandika."

Kumnong'oneza msichana sikioni asingeweza, mtu wa heshima zake. Aligeuka akatutazama sote. "Geukeni," alisema. Mabawabu wakageuka. Wa vyumbani wakageuka. Kugeuka kunazuia kuona tu, hata yeye alilijua hilo. Gharib hakugeuka. Alisimama na upawa wake mkononi, mdomo wazi, mtu wa miaka arobaini ya kubahatisha.

"Tafida," Disuki alisema.

Alilisema chini, kisha akaona halikutosha, akanyoosha mgongo. Mgongo ule uliopinda kwa pasi sikuwa nimewahi kuuona umenyooka.

"Tafida, binti Abd el-Al. Wa Minya. Alikuwa mfuaji humu miaka thelathini na sita. Aliweka shuka madirishani, mimi nikibeba maji. Haya. Mmelipata."

Yumna alikuwa ameshaitoa barua. Hakusema kitu, aliigeuza tu juu ya meza na kuweka kidole chini ya mstari mmoja. Disuki hakujua kusoma, kwa hiyo alinitazama mimi. Mimi, baada ya yote. Nilikwenda nikasoma kwa sauti: kwamba chumba cha saba cha paa ni cha Tafida binti Abd el-Al na cha mtoto wake baada yake, maadamu nyumba imesimama.

Msimamizi wa kampuni aliisoma mara mbili midomo ikicheza, akapiga simu, akasikiliza, akakunja orodha yake. Yaliyofuata yalichukua mwaka mzima wa mawakili, na cheti cha kuzaliwa kilipatikana ndani ya godoro alimokuwa amekishonea. Mgahawa ulijengwa ukakizunguka chumba chake. Wageni wanakula samaki huku kanzu zake zinakauka kwenye kamba juu ya meza zao, naye anapita katikati ya meza akiwa ameshika funguo za makufuli mawili. Mpaka leo anaamini barua ile ina nakala nyingine mahali fulani yenye maneno tofauti.

Lakini siku ile ukumbini, nilipomaliza kusoma, waliogeuka walibaki wamegeuka. Disuki alisimama akingoja kicheko. Nilimwona jinsi alivyokaza shingo, kama mtoto wa shule anayejua wimbo utakaokuja, na jicho lake lilikuwa kwa Gharib.

Gharib alivuka ukumbi na upawa wake. Alisogea karibu naye, lakini sauti yake haikuumbwa kwa siri, sote tulisikia.

"Mama yangu ni Bahana," alisema.

Disuki alimtazama kwa jicho la pembeni. "Unaniambia ili iweje?"

"Ili na wewe uwe nalo langu."

Disuki alifikiri. Alimkagua usoni, akakagua mikono yake yote miwili, hata upawa. Kisha Gharib akamwita jikoni wakanywe chai, naye akaenda, na glasi alipopewa hakuinusa.